Vumbi la Jiwe la Gisbert

Iserlohn, 9 Februari 1853

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta u mzima huko Eickhagen, na kwamba magoti hayakusumbui mno kwa theluji hii. Sisi huku hatujambo. Mathilde anakusalimu, na watoto wanauliza kila siku ni lini babu atashuka mlimani.

Ama baada ya salamu, nina habari niliyoificha tangu mavuno, kwa kuogopa kuitangaza kabla Mungu hajaikamilisha. Mashine imekwisha, na inafanya kazi. Ni sanduku la bati lenye mapanga ya chuma ndani yake, yanayozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye gurudumu la maji. Mapanga yakizunguka huvuta hewa kupitia bomba, na mdomo wa bomba hukaa chini ya jiwe la kunolea, mahali vumbi linaporukia. Vumbi lote huingia bombani na kuanguka ndani ya sanduku jingine lililofungwa. Mnoaji anachonga ncha za sindano kutwa nzima, na bado unaweza kumwona uso kutoka mlangoni.

Mshirika wangu, Bwana Brune, alinicheka mwanzoni. Alisema, "Kattwinkel, umejenga injini ya mvuke, umebuni mashine ya kutoboa matundu ya sindano, na sasa unatengeneza pua?" Nikamjibu kwamba ndiyo, ni pua, nayo itavuta kile ambacho pua za watu hazikuumbiwa.

Nimeifunga kwanza kwenye kinu cha mto Lenne, kwenye jiwe la Gisbert. Alikubali, ingawa alinung'unika. Aliniambia, "Kaka, wenzangu wataniita bibi harusi, maana nimewekewa bomba ili nisichafuke." Nilicheka, lakini nilimsikia akikohoa baada ya kusema. Unajua kikohozi hicho kilivyoanza. Ana miaka thelathini na mmoja, na katika kinu kile hakuna aliyefika arobaini tangu wewe na mimi tuanze kuwajua watu wake. Sindano hainolewi kwa maji, isije ikapata kutu. Basi jiwe kavu na chuma kikavu vinaingia kifuani mwa mtu kila anapovuta pumzi.

Nitaiuza mashine hii kwa viwanda vingine, sikatai. Lakini sikuibuni kwa ajili ya soko. Niliibuni ili mdogo wangu asife. Tafadhali iombee.

Mwanao mtiifu,
Ludolf


Eickhagen, 24 Februari 1853

Mwanangu Ludolf,

Neema na amani ziwe nawe, pamoja na Mathilde na wajukuu wangu. Magoti yangu yanavumilika. Nimeipokea barua yako na nimekwisha kuomba kama ulivyoniagiza. Ninakujibu nikiwa na mshtuko ambao bado sijaupatia mahali pa kuuweka.

Mashine yako imevunjwa.

Usidhani ni ulevi. Lilitendeka Jumatatu asubuhi, watu wakiwa na akili zao, baada ya sala ya kuanza kazi ambayo mimi mwenyewe niliwafundisha walipokuwa watoto wa shule yangu. Walifunga lango la maji ili gurudumu lisimame. Walilitoa bomba, wakaliweka sakafuni kwa utaratibu, kisha wakachukua nyundo. Na kwa kuwa mashine ilikuwa kwenye jiwe la Gisbert, kinu kizima kiliamua kwamba Gisbert ndiye apige nyundo ya kwanza. Alipiga. Nimeuliza watu watatu, nikitumaini kwamba mmoja atakana. Hakuna aliyekana.

Nilishuka mpaka mtoni siku ileile. Dönneweg, ambaye wanamwita mzee wa kinu ingawa ana miaka thelathini na tisa tu, alinipa kiti na kunimiminia kahawa ya chikori, ile ya mizizi. Nikamwambia, "Dönneweg, mmeivunja zawadi ya uhai."

Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia, "Mwalimu, sote tukiishi mpaka mvi, tutakula nini?"

Nikamwambia sikumwelewa. Akasema, "Ujira wetu ni mkubwa kwa sababu hakuna mwingine anayetaka kufa mapema. Kifo kikiondoka, ujira unaondoka nacho. Kesho kila mkata kuni wa mlimani atataka kukaa hapa. Na wanetu je? Mtoto wa mnoaji anapata kiti baba yake akifa. Mimi nilikaa nikiwa na kumi na minane. Nikiishi mpaka sitini, mwanangu atakaa wapi? Mapajani mwangu?"

Wengine walicheka. Ludolf, walicheka kweli, kicheko cha watu wanaojadili bei ya viazi. Nimezika baba za watu hawa. Nimesimama makaburini nikiwafariji wajane, nikidhani ninafariji watu waliopatwa na msiba. Sikujua kwamba mle kinuni msiba ni fungu la hesabu ya nyumba.

Gisbert alikuwa ameinama juu ya jiwe lake, akifanya kazi, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Hakuniangalia.

Baba yako,
Peter Caspar


Iserlohn, 3 Machi 1853

Baba mpendwa,

Nakuamkia, na nakuombea afya. Sisi hatujambo kwa mwili.

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama uani, kati ya mikokoteni ya makaa, nikaisoma tena nikiwa nimekaa juu ya gogo. Wafanyakazi walidhani nimepata habari ya kifo. Sikuwaambia kwamba sivyo, kwa sababu sina hakika kwamba sivyo.

Baba, ningeelewa kama wangeivunja kwa ujinga. Watu huogopa kitu kipya. Hata injini ya mvuke walipoiona mara ya kwanza walisema ina pepo. Lakini hawa wanaelewa kila kitu. Wanaelewa kwamba inaokoa maisha, na wameivunja kwa sababu hiyohiyo. Na ndugu yangu, ambaye nilimbeba mgongoni kuvuka mto ule, ndiye aliyetangulia.

Nimeamua. Kinu cha Lenne hakitapata waya wa sindano kutoka kwangu mpaka watakapoomba radhi na kukubali mabomba mapya. Watazungusha mawe matupu. Nitamshtaki Dönneweg kwa hakimu. Gisbert sitamshtaki, ila mwambie kwamba sitaki kumwona mpaka atakaponieleza kwa kinywa chake nilimkosea nini.

Mwanao,
Ludolf


Eickhagen, Jumatatu ya Pasaka, 28 Machi 1853

Mwanangu,

Bwana amefufuka, na amani yake iwe juu ya nyumba yako. Natumaini mmeila sikukuu kwa furaha. Sisi hatukuweza, na nitakueleza sababu. Nawe uisome barua hii ukiwa peke yako.

Ijumaa Kuu tulikaribia Meza ya Bwana. Kama kawaida yangu nilisimama kando ya mchungaji, nikiwa na kitambaa cha kupangusia kikombe. Walikuja wanoaji, na Gisbert alikuwa miongoni mwao, na nyuma yake mkewe Alwine. Gisbert alipokea kikombe, akanywa, na kabla midomo haijaachana na fedha ya kikombe kikohozi kilimjia. Alijaribu kukizuia. Alipokirudisha kikombe niliona damu ndani ya divai. Divai ni nyekundu, lakini damu ilikuwa nzito zaidi, ikielea kama uzi.

Mchungaji alisita. Kanisa zima liliona kwamba amesita. Niliunyosha mkono wangu ili nikiondoe kikombe na kwenda kumimina divai ile mahali pasafi, kama inavyotupasa. Alwine alinishika kifundo cha mkono. Alisema polepole, "Nipe, Baba. Zamu yangu." Akakinywa kikombe chote mpaka chini, asiache hata tone, kisha akarudi kwenye benchi akiwa amemshika mumewe mkono ili asije akaonekana ameaibika.

Nimehudumu mezani pale tangu kabla hujazaliwa. Sijui kama nililoliona ni kufuru au ni imani, na sijathubutu kumwuliza mchungaji.

Baada ya ibada nilimkuta Gisbert nyuma ya ukuta wa kanisa. Nilimwambia, "Kaka yako anauliza alikukosea nini." Alifuta mdomo. Alisema, "Mwulize ujira wa kunoa ncha utakuwaje kwenye mawe yenye mabomba." Nikamwambia hilo halihusiani. Akasema, "Baba, Bwana Brune alikuja naye siku ile ya kufunga mashine. Alisimama pale mlangoni, akatuambia huku akitabasamu kwamba kuanzia mwakani pumzi zetu tutazilipia wenyewe, kwa theluthi ya ujira, maana kazi isiyoua haistahili malipo ya kazi inayoua. Kaka alikuwepo. Alikuwa amepiga magoti anakaza skrubu. Hakuinua kichwa. Mimi nilisubiri ainue kichwa, Baba. Angeinua tu, wala asingesema kitu, nisingeishika ile nyundo."

Mwanangu, nilikuja kwa ndugu yako nikiwa nimejaa hasira kwa ajili yako, na nilirudi nyumbani nikiwa sijui niielekeze wapi. Niambie kwamba alisikia vibaya. Kelele za kinu ni nyingi, na wanoaji hupoteza masikio mapema. Niambie, nami nitakuamini wewe.

Baba yako,
Peter Caspar


Iserlohn, 2 Aprili 1853

Baba,

Nakuamkia.

Hakusikia vibaya. Brune alisema hivyo, na nilikuwa nimekubaliana naye kabla hatujaondoka mjini. Niliona kwamba mtu atakayeishi miaka ishirini zaidi anaweza kuacha theluthi ya ujira, na kwamba hesabu hiyo ni ya haki. Niliposikia ikisemwa kwa sauti mbele ya Gisbert sikuweza kuinua kichwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Waya nimeuruhusu upelekwe tena kinuni. Dönneweg simshtaki. Nitazungumza na Brune.

Mwambie Gisbert aache jiwe. Nitampa kazi ya kulinda ghala hapa, nyumba yenye jiko zuri, na ujira uleule alionao. Tafadhali, Baba, aje kabla ya Pentekoste. Habari za kile kikombe hazinitoki machoni.

Ludolf


Eickhagen, 17 Aprili 1853

Mwanangu Ludolf,

Neema ya Mungu isiondoke nyumbani kwako. Hapa miti ya matofaa imeanza kuchanua, na afya yangu ni njema kuliko ninavyostahili. Barua yako niliisoma mara moja tu, nikaichoma; si kwa hasira, bali kwa sababu jambo lililokwisha kuungamwa halihitaji kuhifadhiwa kabatini.

Nilishuka kinuni na ujumbe wako. Gisbert alikataa. Alisema, "Ghala? Mimi ni mnoaji. Mnoaji haachi kiti akiwa hai." Nikadhani ni majivuno. Dönneweg akanifafanulia.

Yapo mambo ambayo mtu anaishi karibu nayo maisha yake yote bila kuyaona. Ikiwa mnoaji anainuka kwenye kiti chake akiwa mzima, wenzake hutandaza aproni yake juu ya kiti, kila mmoja huitilia konzi ya vumbi kama tunavyotia udongo kaburini, na hunywa bia ya maziko. Tangu siku hiyo hawamwiti jina lake wala hawamwamkii njiani. Kwao amekufa. Na kiti chake, kama hakuna ndugu wa damu wa kukikalia papo hapo, kinapewa nyumba nyingine. Julius, mtoto wa Gisbert, ana miaka tisa. Basi Gisbert anaona kwamba akifa juu ya jiwe mwanawe atatunziwa kiti, na akijiokoa mwanawe atakikosa. Anajiua polepole kwa ajili ya urithi wa mahali pa kujiulia. Nilimwambia maneno hayohayo. Alinijibu, "Ndiyo, Baba," kama mwanafunzi aliyeulizwa swali jepesi.

Nikauliza, "Ndugu wa damu ni yupi? Lazima awe mtoto?" Dönneweg akasema, "Hata kaka." Halafu Röttger, yule mcheshi wa jiwe la mwisho, akasema, "Kaka? Bwana Ludolf mwenyewe? Atahitaji mto wa manyoya."

Mwingine akadakia, "Na mtu wa kumshikia kofia."

"Kofia tu? Na tumbo je, nani atalishika?"

Dönneweg aliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha akaniambia, "Mwalimu, mwambie hivi. Yeye anasema hapa panaweza kuwa salama. Anayesema hivyo na akae hapa. Akikaa, mabomba yake hatutayagusa. Na ujira wa ncha aupigilie msumari mlangoni, kwa mkono wake, kwamba haushuki. Aje bila Brune."

Kiti kile kilitoka kwa mjomba wenu, nacho kilikuwa chako kwanza kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Gisbert alikikalia ulipokwenda mjini. Sikukumbushi ili kukulaumu. Nilikubariki ulipoondoka, na sijaifuta baraka ile.

Najua una mshirika, una mke aliyezoea nyumba yenye mapazia, una watu mia wanaokungoja kila asubuhi. Zamani nilikuamrisha na ukatii. Leo sikuamrishi. Ninakujulisha tu kwamba ndugu yako usiku hulala ameketi, kwa sababu akilala chali hapati hewa, na kwamba mchana huenda kazini.

Baba yako,
Peter Caspar


Kinu cha Lenne, Jumapili, 11 Septemba 1853

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kwamba wewe na Alwine na watoto hamjambo huko juu, na kwamba Gisbert bado anaweza kutembea mpaka langoni kama ulivyoniambia nilipopanda mara ya mwisho. Mimi ni mzima. Mikono yangu imepasuka na kupona na kupasuka tena, na sasa imekuwa migumu kama ngozi ya kiatu. Mathilde alikuja wiki iliyopita na kapu la soseji. Alinipita mlangoni akiniuliza mimi mwenyewe niko wapi. Alipojua, alilia, kisha akaketi nje akala na wake wa wanoaji, jambo ambalo sikulitarajia.

Brune amechukua fungu lake na kuondoka. Kiwanda kinakwenda kwa shida, lakini kinakwenda, ninakisimamia jioni. Karatasi ya ujira bado ipo mlangoni na hakuna aliyeichana.

Baba, tangu nilipokikalia kiti hiki watu hawakunisemesha ila kwa kazi. Walitimiza ahadi, hawakugusa bomba. Lakini pia hawakulitazama. Gisbert walimzika mbele yangu siku ile, unakumbuka, wakamtilia aproni yake vumbi akiwa amesimama kando yao anawaangalia. Na tangu hapo wananichukulia kama mtu aliyekaa juu ya kaburi. Röttger alisema mara moja tu, "Bwana mkubwa, kifua chako kinasemaje?" Nikamjibu kwamba kimenyamaza. Akasema, "Hata cha kwangu kilinyamaza mwaka wa kwanza."

Jana mapanga yalianza kuzunguka kwa uzito, na mvuto ukapungua. Nilidhani mkanda umelegea. Nikausimamisha, nikaukagua, ulikuwa sawa. Basi nikafungua lile sanduku ambalo vumbi huangukia, ambalo sikuwa nimelifungua tangu tulipolifunga, kwa kuwa nilikadiria lingetosha mpaka mwaka mpya.

Lilikuwa limejaa. Nilipovuta mlango, vumbi lilimwagika sakafuni, likaendelea kumwagika, la kijivu, laini kama unga, bila sauti. Lilinifunika viatu. Mimi ndiye niliyeibuni mashine ile. Nilijua vumbi linaingia mle, nilikuwa nimelipigia hesabu kwa kalamu. Lakini nilirudi nyuma kama mtu aliyefungua mlango akamkuta maiti. Lote lile lilitoka kwenye jiwe moja, na halikumaliza hata majira mawili.

Mawe mengine yalisimama, moja baada ya jingine. Sikumwita mtu. Walikuja wenyewe, wakasimama wakilizunguka rundo. Nilimwona Röttger amefungua kinywa aseme mzaha wake, akakifunga. Hakuna aliyekuwa amewahi kuliona, Baba. Wamelila miaka yote, na hawakuwahi kuliona, kwa sababu lilipokwisha kutoka kwenye jiwe lilikuwa linaingia ndani yao na halikuonekana tena.

Dönneweg alipiga magoti. Alitia mkono ndani ya rundo mpaka kwenye kiwiko. Akakaa hivyo kwa muda, halafu akasema, si kwa yeyote miongoni mwetu, "Basi huyu ndiye baba yangu."

Alipoinuka hakujifuta mkono. Alikwenda mpaka kwenye jiwe lake, akalitazama, akarudi. Akaniuliza akiwa ameelekeza uso ukutani, "Bomba la kufika kwangu ni la urefu gani?" Nikamwambia. Akasema, "Lete Jumanne. Jumatatu mimi siko, nakwenda kumwamkia Gisbert."

Baba, hawamwamkii mtu waliyemzika. Nimeandika ili Gisbert asishtuke atakapomwona Dönneweg langoni, maana kushtuka humletea kikohozi.

Vumbi bado liko sakafuni. Nadhani nitalimwaga mtoni kesho jioni, tukimaliza kazi.

Mwanao,
Ludolf


Eickhagen, 12 Septemba 1853

Mwanangu Ludolf,

Amani kwako. Barua yako ililetwa alfajiri na mchukuzi wa maziwa, na huyuhuyu ndiye atakayekurudishia jibu, naye ana haraka; kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Nilimsomea Gisbert, ameketi dirishani na mito mgongoni. Nilipofika mahali pa sanduku alinyosha kidole ili nisimame. Akauliza, "Lilijaa lote?"

Nikasema, "Anasema lilimwagika."

"Tangu Pasaka?"

"Tangu baada ya Pasaka."

Aliuweka mkono wake wazi juu ya kifua akauacha pale, na nilielewa kwamba anahesabu miaka yake kumi na mitano kwenye kiti kile, na anakadiria ni masanduku mangapi yaliyoingia kifuani mwake. Nilimpa maji. Hakuyanywa. Sijapata kumwona mtu aliyeshtushwa na mwili wake mwenyewe kwa namna ile, na Mungu akipenda nisione tena. Alwine alikuja akasimama nyuma yake.

Daktari amekwisha kutuambia kwamba lililomo ndani halitatoka. Gisbert analijua hilo, na mimi sikumdanganya.

Dönneweg bado hajafika. Kiti kimekwisha kuwekwa kwa ajili yake, karibu na dirisha.

Kisha Gisbert aliniita nichukue kalamu. Alisema, "Baba, andika kabla yule mtu wa maziwa hajaondoka. Mwambie kaka asilimwage. Alitie kwenye mapipa, alipakie kwenye mkokoteni, aende nalo Altena kwenye vinu vya wanoaji wa kule. Asiwahubirie. Afungue mapipa tu, awaambie ni la jiwe la Gisbert."

Baba yako,
Peter Caspar